KABATI LIMEKATAA MLANGO: JE, TUTOE DIRISHA?

Ndugu wasomaji, mmekwisha kuona watu wanane wamelizunguka kabati moja ndani ya korido, kila mmoja anatoa amri yake, na kabati halisogei mbele wala nyuma? Sisi tumeliona jambo hilo hapa hapa Kharumwa. Tena hatukuwa watazamaji. Tulikuwa katika wale wanane, na mabega yetu yaliikumbuka siku ile kwa wiki nzima.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati watu wamekwisha kuuza mpunga na pamba. Huo ndio msimu wa mafundi seremala. Mwenye fedha kidogo anaagiza kitanda, mwingine makochi, mwingine kabati. Tangu Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, na Kharumwa ikawa makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, nyumba za tofali na bati zimeongezeka sana. Fedha ya dhahabu nayo imo humo. Basi vyombo vya nyumbani vimekuwa vikubwa, lakini milango ya vyumba imebaki ile ile.

Zamani shida hii haikuwapo. Katika msonge wa Kisukuma mlango ulikuwa wa kuinamia, lakini nani alikuwa na haja ya kuingiza kabati? Kitanda kilijengwa mle mle ndani kwa miti iliyochimbiwa chini. Kihenge kikubwa kikisukwa ndani, kilikaa humo mpaka kikazeeka. Chombo kilizaliwa ndani ya nyumba na kufia ndani ya nyumba. Siku hizi chombo kinazaliwa barabarani, chini ya mwembe wa fundi, halafu kinakuja kwetu kwa mkokoteni. Hapo ndipo shughuli inapoanza.

Kabati tunalolisema lilikuwa la jirani yetu, mama mmoja mjane. Sisi tutamwita Mayu tu, kama tunavyomwita kila siku. Alijiwekea akiba misimu miwili. Fundi alimtengenezea kabati la mninga, zuri kweli kweli. Urefu wake sentimita 200, upana sentimita 150, unene sentimita 60. Mlango wa mbele lilipita kwa kuchechemea, likitembezwa limesimama. Kisha likaingia korido. Korido ina upana wa mita moja. Chumba cha Mayu kiko mkono wa kushoto, na mlango wake, ukipima ndani ya fremu, ni sentimita 70.

Sasa tazameni hesabu ile. Kabati lina unene wa 60, mlango una 70. Kila mtu alisema, "Si linaingia hilo! Zinabaki kumi." Na kweli lingeingia, kama lingekuwa linatoka mbele moja kwa moja. Lakini lilikuwa linatoka ubavuni, kwenye korido. Lilipaswa kukata kona. Na kitu chenye urefu wa mita moja na nusu hakikati kona ndani ya korido ya mita moja kwa kuombwa. Kichwa kiligonga fremu, mkia ukagonga ukuta wa nyuma. Tukaling'oa na lile bao la mlango katika bawaba zake. Hapo tulipata nafasi kidogo, maana bao la mlango huiba sentimita tatu au nne linapokaa wazi. Halikuingia.

Fundi akasema lirudi kwake alikate katikati. Mayu akakataa kabisa. Kijana wake mkubwa akaenda nje akarudi na mtaimbo. "Tutoe dirisha la ubavuni," akasema, "na likikataa dirisha, tutavunja ukuta. Kwani ukuta si wetu?"

Tayari alikuwa ameshainua mtaimbo. Mzee mmoja, mwashi wa siku nyingi, alikuwa amekaa kibarazani akinywa maji. Akauliza swali moja tu: "Kabla hujapiga, nani ameangalia juu ya dirisha hilo kuna nini?"

Hakuna aliyekuwa ameangalia.

JUU YA DIRISHA KUNA NINI?

Ndugu zetu, hili ndilo jambo la kwanza, na yote mengine yanafuata baadaye. Dirisha ni tundu katika ukuta. Juu ya tundu hilo kuna matofali, na juu ya matofali kuna kenchi na mabati. Mzigo huo wote lazima ubebwe na kitu. Je, ni nani anayeubeba?

Katika nyumba iliyojengwa sawasawa anayeubeba ni lenta. Lenta ni boriti ya zege lenye nondo, au ubao mnene, iliyolala juu ya tundu na kuegemea ukuta pande zote mbili. Mzigo unashuka juu ya lenta, unagawanyika kulia na kushoto, unateremka ukutani mpaka kwenye msingi. Fremu ya dirisha iliyo chini ya lenta haibebi kitu. Imeshikizwa tu hapo kama picha ukutani. Unaweza kuitoa na nyumba isijue.

Lakini ziko nyumba nyingi katika vijiji vyetu ambazo hazina lenta. Fundi alisimamisha fremu, akajenga matofali kulia na kushoto, alipofika juu akayapanga matofali juu ya mbao za fremu yenyewe. Katika nyumba ya namna hiyo fremu ndiyo lenta. Ukiitoa, matofali yanashuka. Na kama ni tofali mbichi zilizojengwa kwa udongo, hayashuki mawili matatu. Yanashuka kwa umbo la pembe tatu mpaka chini ya bati, na yanamshukia yule aliyeshika mtaimbo.

Utajuaje? Mzee yule alituonyesha, nasi tunaandika kama alivyofanya. Alichukua tindo na nyundo ndogo. Akakwangua plasta kidogo juu ya kila kona ya dirisha, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Kisha akakwangua tena pembeni, kiasi cha shubiri moja nje ya fremu. Ukikuta zege la kijivu, na zege hilo linaendelea mpaka nje ya dirisha pande zote mbili, hiyo ni lenta. Ukikuta tofali limekaa moja kwa moja juu ya ubao wa fremu, acha. Weka mtaimbo chini.

Ziko dalili nyingine hata bila kukwangua. Ubao wa juu wa fremu ukiwa umepinda kama upinde, ujue una mzigo. Bao la dirisha likiwa zito kufungua, na halikuwa hivyo zamani, ujue fremu inaminywa. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha nao ni ishara mbaya.

Kumbe nyumba ya Mayu ilijengwa mara mbili. Ubavuni ilikuwa ya zamani, ya tofali mbichi, na dirisha lake halikuwa na lenta hata kidogo. Upande wa mbele uliongezwa baadaye kwa tofali za kuchoma, na lenta ilizunguka yote. Chumba chake kiko kwenye kona, kina madirisha mawili, moja huku na moja huku. Kijana alikuwa amechagua lile la ubavuni kwa sababu moja tu: mkokoteni ulikuwa umesimama upande huo.

PIMA KABLA YA KUVUNJA

Baada ya kuona lenta mbele, mzee aliomba tepu na penseli. Dirisha la mbele lilikuwa la futi tano kwa futi nne, yaani sentimita 152 kwa 122, ukipima nje kwa nje ya fremu. Mbao za fremu zilikuwa na unene wa sentimita tano. Basi ndani ya fremu upana ulikuwa 152 ukitoa 5 na 5, sawa na 142. Kabati likilala chali lina upana wa 150. Haliingii. Fremu ikitoka tunarudi kwenye 152. Linaingia, na zinabaki sentimita mbili.

Wengine husema kuondoa mabao ya dirisha na nondo kunatosha. Kwa godoro, ndiyo. Kwa kochi, pengine. Kwa kabati la Mayu, zile sentimita kumi za fremu ndizo zilizokuwa shida yenyewe.

Lakini kuna kipimo kingine ambacho watu wengi hukisahau, nacho ni cha kusimamisha. Kabati likiingia limelala, lazima lisimame. Linaposimama, kona yake ya nyuma hupanda juu kuliko kabati lenyewe kabla ya kutua. Tuchukue mfano. Chumba kina dari la sentimita 245. Mtu anamwagiza fundi kabati la 240, anaona limebaki na nafasi ya tano. Kabati hilo likiwa na unene wa 60, linahitaji sentimita 247 na zaidi ili lisimame. Litakwama chini ya dari likiwa limeinama kama mlevi. Huna haja ya hesabu ngumu kulijua hilo. Chukua kamba, ivute ubavuni mwa kabati kutoka kona ya chini ya mbele mpaka kona ya juu ya nyuma. Urefu wa kamba hiyo ndio uulinganishe na dari.

Na kwa habari ya kona za korido, iko njia nzuri isiyo na gharama. Nenda uwanjani, chora korido yako chini kwa majivu, kwa vipimo vyake halisi, na mlango wake. Kisha kata boksi au mkeka mkuukuu kwa ukubwa wa chombo kinavyoonekana kutoka juu. Uburute katika mchoro. Ukigusa majivu, chombo kitagusa ukuta. Watoto watakucheka, lakini waache wacheke. Kazi hii ifanyike kabla ya kumlipa fundi, siyo siku ya mkokoteni.

Makochi yana siri yake. Kochi refu likisimamishwa wima kwa ubavu wake, mara nyingi huingia mlango mwembamba kwa kuanza na mgongo, halafu linazungushwa ili kiti kifuate. Huingia kama mtu anayeinama. Jaribuni hivyo kwanza kabla ya kugusa dirisha.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya kijijini tu. Katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, ziko nyumba za zamani kando ya mifereji, nyembamba na ndefu kwenda juu, zenye ngazi ambayo hata mtu mnene hupita kwa shida. Waliozijenga walijua. Juu kabisa, mbele ya paa, waliweka boriti yenye ndoana. Kamba hupitishwa hapo, na vyombo hupandishwa kwa nje na kuingizwa dirishani. Mpaka leo watu wa huko huhama kwa dirisha. Watu wa Pwani yetu nao walikuwa na njia yao. Samadari, kile kitanda kikubwa chenye nguzo nne, hufunguka vipande vipande. Hupita mlango mwembamba kama mzigo wa kuni, na kikifika ndani kinakuwa kitanda cha bwana harusi.

NAMNA YA KUTOA FREMU

Sasa tuifuate kazi yenyewe. Anza asubuhi, katika kiangazi. Dirisha likitolewa saa kumi jioni, usiku utakukuta na tundu ukutani, na tundu ukutani ni mwaliko kwa wezi na kwa mbu. Kama kazi itapita siku moja, weka tayari mbao za kuziba, na chandarua kisikosekane. Watoto wasogezwe mbali. Vaa viatu, maana misumari yenye kutu itakuwa chini, na pepopunda haina mzaha.

Kwanza toa mabao ya dirisha au vioo. Kwa dirisha la alumini la kusukuma, kila kioo hunyanyuliwa juu ndani ya reli yake, halafu sehemu ya chini huvutwa kuja kwako, kinatoka. Fremu ya alumini yenyewe kwa kawaida imeshikwa kwa skrubu. Zifungue kwa bisibisi, kata ile gundi ya pembeni kwa kisu, basi. Dirisha la alumini ni rahisi kuliko la mbao, ila grili ya chuma iliyo nyuma yake ndiyo yenye kazi.

Kwa fremu ya mbao, fanya jambo moja kabla ya kuigusa. Pigilia ubao mmoja kwa mshazari, kutoka kona mpaka kona. Ubao huo huzuia fremu isipoteze pembe zake inapotoka. Fremu iliyopinda haitarudi, na ikirudi mabao hayatafunga. Kisha andika kwa chaki: JUU, na NJE. Tulimcheka mzee alipoandika hayo. Jioni, fremu ilipokuwa imelala uani bila mabao, tuliona faida ya yale maandishi.

Sasa chukua tindo, kata mstari kwenye plasta kuizunguka fremu yote. Plasta itapasuka kwenye mstari huo na haitabanduka ukuta mzima. Baada ya hapo tafuta vishikizo. Fundi aliyejenga alifunga vipande vya chuma chembamba, au misumari mirefu, ubavuni mwa fremu, akavizika katika ukuta. Mara nyingi viko viwili au vitatu kila upande. Usivivute kwa nguvu, maana vitatoka na matofali yao. Pitisha msumeno wa chuma kati ya fremu na ukuta, vikate kimoja kimoja.

Kisha mtaimbo unaweza kuingia, lakini kwa adabu. Sukuma kutoka ubavuni na chini, kidogo kidogo, ukiweka kipande cha ubao kati ya chuma na tofali. Usiegemeze mtaimbo kwenye lenta hata mara moja. Watu wawili waishike fremu, mmoja ndani na mmoja nje, ili isianguke ghafula.

Je, kama fremu imetoka na nafasi bado haitoshi? Hapa watu wengi hufanya kosa. Hutaka kulipanua tundu pembeni. Ukilipanua pembeni unaondoa matofali ambayo lenta inaegemea, na hapo lenta haina kazi tena. Kama ni lazima, teremka chini. Matofali yaliyo chini ya dirisha hayabebi paa. Unaweza kuyatoa kozi mbili tatu, hata mpaka sakafuni, na kuyapanga tena baadaye. Wako waliofanya hivyo na kuona ni afadhali kuacha mlango hapo hapo.

Na kama hakuna lenta? Ushauri wetu ni kwamba usitoe. Kuweka nguzo na boriti za kushikilia ukuta wakati wa kazi kunawezekana, lakini ni kazi ya mwashi anayeijua, siyo ya vijana wenye mtaimbo. Afadhali kumrudia seremala afungue kabati. Kabati lililofungwa kwa skrubu hufunguka. Lililogongwa misumari na gundi hukatwa.

KUPITISHA

Kabla ya kunyanyua tulitoa milango ya kabati, rafu na droo zote. Uzito ulipungua sana. Nje tulipanga mapipa mawili na mbao juu yake, kimo sawa na ukingo wa dirisha. Ndani tuliweka meza ya chakula ya kimo hicho hicho. Juu ya ukingo tulitandika blanketi lililokunjwa. Basi kabati likalala chali juu ya mapipa, likasukumwa kama mkate unaoingia tanurini. Wanne nje, wanne ndani. Mmoja tu alitoa amri. Hilo nalo tulijifunza baada ya ile vurugu ya korido.

Sentimita mbili ni kidogo. Kulikuwa na uvimbe wa plasta upande wa kulia, ukakwaruza ubavu wa mninga kama urefu wa kidole. Mpaka leo alama ipo. Mayu husema ni cheti cha kuzaliwa cha kabati lake.

Lilipofika ndani, kitanda kilikuwa kimekwisha kusogezwa. Msisahau hilo. Tumesikia habari ya watu walioingiza chombo nusu, wakakuta hakuna pa kukiweka, na aliye ndani hawezi kutoka kwa sababu chombo kimeziba dirisha na kitanda kimeziba mlango.

MANENO YA MAYU

Tulipokuwa tukipumzika, kijana mkubwa alisema fremu irudishwe kama ilivyokuwa, tena grili iongezwe nondo, kwa sababu ya wezi. Mayu alikuwa kimya tangu asubuhi. Akasema, "Korido hiyo siyo kabati tu iliyolikataa."

Tukanyamaza, maana sote tulikumbuka. Mwaka aliofariki mumewe, jeneza lilitoka chumba kile kile. Halikukata kona. Tulilisimamisha wima ili lipite, na mjane yuko sebuleni anatazama. "Baba yenu alitoka amesimama kama mtu anayefukuzwa," akasema Mayu. "Na kabla ya hapo, usiku ule alipozidiwa, mlimtoa kwa blanketi, mkamgonga kichwa mlangoni. Mimi nilikuwepo. Sasa mnataka kuniongezea nondo."

Ndugu wasomaji, hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumepima kabati kwa milimita, na hatukuwa tumewahi kupima machela. Machela yenye mgonjwa ni ndefu kuliko kabati la Mayu lilivyosimama. Haikati kona ya korido ya mita moja kuingia mlango wa sentimita 70. Jeneza halikati. Na nyumba za namna hii zinajengwa kila siku, kwa sababu mlango mwembamba una mbao chache, na korido nyembamba huacha vyumba vikubwa.

Iko na habari ya moto. Sisi sote tunaogopa wezi, nasi tunaziba madirisha kwa nondo zisizofunguka. Mlango mmoja wa kutokea ukiwa na moto, dirisha la namna hiyo ni ukuta. Majirani walio nje wanaona, wanasikia, na hawawezi kuingia wala kutoa mtu. Kuvunja grili iliyojengewa ukutani huchukua muda ambao moshi hautoi.

Mzee mwashi alilimaliza jambo hilo kwa njia rahisi. Alisema, maadamu dirisha limekwisha kutoka, na grili iko chini, mchukulieni mchomeleaji aitengeneze upya. Nondo zibaki vile vile, lakini zichomelewe kwenye fremu yake ya chuma, yenye bawaba upande mmoja na komeo la kufuli upande wa ndani. Mwizi aliye nje haifikii kufuli, maana mabao ya dirisha yamefungwa na komeo limefunikwa kwa kipande cha bati. Aliye ndani anafungua kama mlango. Tena zile nguzo za mbao katikati ya fremu zisigongwe misumari, zifungwe kwa bolti, ili siku ikihitajika zitoke kwa spana.

KURUDISHA

Grili ilichukua siku mbili kwa mchomeleaji. Tundu lilizibwa kwa mbao, na vijana wawili walilala sebuleni.

Kurudisha fremu kunahitaji uvumilivu kuliko kuitoa. Kwanza upande wa mbao unaokaa ukutani hupakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Nafasi hiyo huipati tena. Vishikizo vipya vya chuma hupigiliwa. Fremu inasimamishwa katika tundu na kukazwa kwa kabari za mbao. Weka pima maji chini na juu, weka timazi ubavuni. Kisha pima kwa kamba kutoka kona hadi kona, halafu kona nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Hapo tu ndipo unaondoa ule ubao wa mshazari.

Lowesha matofali kwa maji, maana tofali kavu hunywa maji ya saruji na saruji hubaki unga. Kwa ukuta wa tofali za kuchoma tulichanganya ndoo moja ya saruji na ndoo nne za mchanga. Jaza vizuri kuzunguka vishikizo. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku tatu au zaidi, na mabao ya dirisha yasirudishwe kabla haijashika. Lakini kama ukuta wako ni wa tofali mbichi, usikimbilie saruji. Plasta ya saruji juu ya udongo haishikani nao, hupasuka na kubanduka. Tumia udongo ule ule uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa.

Siku ya nne Mayu alifungua grili yake mwenyewe, akaisukuma, akaifunga. Ufunguo ameutundika kwenye msumari kando ya kitanda, kimo ambacho hata mjukuu wake wa miaka saba anaufikia. Korido bado ni ya mita moja, na kijana amesema baada ya mavuno yajayo mlango wa chumba utapanuliwa uwe wa sentimita 90, na lenta yake ndefu zaidi. Tutaona.

Kabla hatujaondoka, Mayu aliomba ile penseli ya mzee. Mayu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na namba zake huziandika kubwa kubwa. Akafungua mlango wa kabati, akaandika ndani yake: 200, 150, 60. Chini yake akaandika: DIRISHA LA MBELE.

"Mwenye kulirithi," akasema, "asije akanivunjia nyumba."